Soko Nafuu kwa Sharti la Haki za Binadamu

Upendeleo wa kibiashara ni ruhusa ambayo nchi yenye soko kubwa huipa nchi nyingine kuingiza bidhaa kwa ushuru mdogo kuliko wanaotozwa wengine, au bila ushuru kabisa. Parachichi linalochumwa Rungwe au Njombe na kupakiwa kwenda Ulaya ni mfano wa karibu. Kwa kawaida Umoja wa Ulaya hutoza parachichi la kutoka nje ushuru wa asilimia 4 kuanzia Desemba hadi Mei, na asilimia 5.1 kuanzia Juni hadi Novemba. Parachichi la Tanzania halitozwi kitu. Tanzania imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu Machi 2001 Ulaya imezifungulia nchi hizo soko lake chini ya mpango uitwao "Kila Kitu Isipokuwa Silaha".

Ruhusa ya namna hii haitokani na mapatano ya pande mbili zilizo sawa. Hutolewa na mwenye soko, naye anaweza kuiondoa. Miongoni mwa masharti anayoyaweka ni namna serikali ya nchi inayonufaika inavyowatendea watu wake: kama inawafunga wapinzani bila hatia, kama inazuia vyama vya wafanyakazi, kama inatumia kazi ya kulazimishwa au inaua raia. Serikali ikikiuka haki hizo kwa kiwango kikubwa, bidhaa za nchi yake hurudishiwa ushuru. Sharti hilo limetumika mara kadhaa Afrika Mashariki na Kusini, na historia yake inapita hadi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania.

Rhodesia na reli inayopita Iyunga

Mojawapo ya mifano ya mwanzo ni Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Wazungu wachache chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru ili kukwepa utawala wa walio wengi. Uingereza ilijibu papo hapo kwa kuiondoa Rhodesia katika mfumo wa ushuru nafuu wa Jumuiya ya Madola, na ikapiga marufuku ununuzi wa tumbaku yake, zao lililokuwa tegemeo kubwa la mauzo ya nchi hiyo. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya lazima mwaka 1966, na mwaka 1968 ukavipanua vikagusa karibu biashara yote.

Tanzania iliona hatua za Uingereza ni hafifu. Desemba 1965 Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na London, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa imeuahidi ukazuiwa. Nchi changa ililipa kwa fedha yake msimamo wa kutetea haki za watu wa nchi nyingine.

Gharama kubwa zaidi iliiangukia Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikisafirishwa kwa reli kupitia Rhodesia. Wazo la kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam lilikuwepo kabla ya hapo, lakini baada ya 1965 likawa jambo la dharura. Kwa msaada wa China reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na ikakabidhiwa Julai 1976. Kituo chake cha Mbeya kiko Iyunga, kata ambayo leo ni sehemu ya eneo la viwanda la Jiji la Mbeya.

Rhodesia ilionyesha mambo mawili ambayo yamejirudia kila mara tangu wakati huo. La kwanza ni kwamba kufunga soko huwaumiza hata wasiohusika, wakiwemo majirani. La pili ni kwamba soko lililofungwa upande mmoja huvuja upande mwingine. Tumbaku ya Rhodesia iliendelea kupenya kupitia Afrika Kusini ya makaburu, na kupitia Msumbiji ilipokuwa bado chini ya Wareno. Zimbabwe ilipata uhuru Aprili 1980, na vita vya msituni pamoja na mazungumzo vilichangia matokeo hayo pamoja na vikwazo.

Idi Amin na kahawa ya Uganda

Uganda ndiyo iliyoilazimisha Ulaya kulifikiria suala hili kisheria. Mwaka 1975 Jumuiya ya Ulaya ilitia saini Mkataba wa Lomé na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, uliozipa nchi hizo soko nafuu pamoja na misaada. Uganda ilikuwemo, na ilikuwa ikitawaliwa na Idi Amin. Habari za mauaji zilipozidi, Ulaya iligundua kuwa mkataba haukuwa na kifungu chochote kinachoiruhusu kumnyima Amin faida zake. Juni 1977 mawaziri wa Ulaya walitoa tamko kwamba misaada chini ya mkataba huo isitumike kuendeleza ukandamizaji wa watu wa Uganda. Tamko hilo liligusa misaada, halikugusa soko.

Marekani ilichukua njia nyingine. Wakati huo kahawa ilikuwa ikiiletea Uganda zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje, na sehemu kubwa ilinunuliwa na kampuni za Marekani. Oktoba 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa za Uganda zisiingie nchini humo. Mwishoni mwa mwezi huohuo majeshi ya Amin yalivamia Kagera, Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mwezi Mei sheria ile ikafutwa. Watafiti hawakubaliani ni kwa kiasi gani kukosekana kwa fedha za kahawa kulidhoofisha jeshi la Amin, lakini hakuna anayedai kuwa kahawa peke yake ndiyo iliyomwondoa.

Kutoka hasira hadi kanuni

Vikwazo vya Rhodesia na Uganda vilikuwa maamuzi ya dharura. Kazi ya miaka iliyofuata ilikuwa kuyageuza maamuzi ya namna hiyo kuwa kanuni zinazojulikana mapema.

Msingi wa upendeleo wenyewe uliwekwa mwaka 1968 huko New Delhi, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na maendeleo, ambako nchi tajiri zilikubali kuzipa nchi maskini ushuru nafuu bila kudai malipo ya namna hiyohiyo. Ulaya ilianza mwaka 1971, Marekani mwaka 1976. Mwaka 1984 Marekani iliongeza sharti la haki za wafanyakazi. Ulaya ilirekebisha Mkataba wa Lomé mwaka 1995 na kuzifanya haki za binadamu kuwa nguzo ya mkataba, kiasi kwamba kuzivunja ni kuvunja mkataba wenyewe. Kifungu hicho kilihamia katika Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, na baadaye katika Mkataba wa Samoa uliotiwa saini Novemba 2023.

Leo utaratibu wa Ulaya kwa nchi maskini unaongozwa na kanuni ya mwaka 2012 iliyoanza kutumika Januari 2014. Una ngazi tatu. Ya chini hupunguza ushuru kwa baadhi ya bidhaa. Ya kati, iitwayo GSP+, huondoa ushuru katika bidhaa nyingi zaidi kwa nchi iliyoridhia mikataba 27 ya kimataifa ya haki za binadamu, kazi, mazingira na utawala bora. Ya juu ni ile ya Kila Kitu Isipokuwa Silaha, ambayo nchi zenye maendeleo duni zaidi huipata bila kuomba. Hata nchi hizo zinaweza kunyimwa zikipatikana na ukiukaji mkubwa na wa mfululizo wa misingi ya mikataba 15 ya haki za binadamu na ya kazi.

Kunyimwa huko si jambo la siku moja. Kamisheni ya Ulaya hutangaza kuanza uchunguzi, huifuatilia nchi husika kwa miezi sita, huandika ripoti na kupokea utetezi, kisha hutoa uamuzi ambao huanza kutumika baada ya miezi mingine sita. Kambodia ilifunguliwa shauri Februari 2019 baada ya chama kikuu cha upinzani kufutwa na mahakama mwaka 2017. Uamuzi ulitoka Februari 2020 na ukaanza kutumika Agosti mwaka huo. Tena haukugusa bidhaa zote: takriban sehemu moja ya tano ya mauzo ya Kambodia kwenda Ulaya, yakiwemo baadhi ya mavazi, viatu, mabegi ya safari na sukari, ndiyo iliyorudishiwa ushuru.

Sheria ya AGOA na majirani zetu

Kwa Waafrika wengi jina linalosikika zaidi ni AGOA, sheria ya Marekani iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton Mei 2000. Iliziruhusu nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuuza maelfu ya bidhaa Marekani bila ushuru, na mwaka 2015 ilirefushwa hadi 30 Septemba 2025. Masharti yake ni pamoja na utawala wa sheria, ushindani wa kisiasa, haki za wafanyakazi, na serikali kutojihusisha na ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Tofauti na Ulaya, hapa hakuna shauri refu. Kila mwaka nchi hupitiwa upya na Rais wa Marekani huamua nani abaki na nani atoke, kwa kawaida kuanzia Januari mosi.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliondolewa Januari 2011 kutokana na hali ya mashariki ya nchi hiyo, ikarudishwa Januari 2021. Burundi iliondolewa Januari 2016, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu na wapinzani kukandamizwa. Ethiopia ilitoka Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray. Uganda ilitoka Januari 2024, miezi michache baada ya kupitisha sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja Mei 2023.

Kwa Burundi adhabu hiyo ilikuwa nyepesi mno. Zao lake kuu ni kahawa, na kahawa mbichi haikuwa ikitozwa ushuru Marekani hata kwa nchi isiyo na upendeleo wowote. Uganda nayo ilikuwa ikiuza kidogo chini ya AGOA, na kahawa yake ilikuwa katika hali ileile.

Ethiopia ilikuwa imejipanga tofauti. Mwaka 2016 ilifungua eneo la viwanda la Hawassa, ambako vijana, wengi wao wanawake, walishona nguo za kuuzwa Marekani. Nguo ndiyo bidhaa ambayo Marekani huilinda sana: fulana ya pamba kwa kawaida hutozwa asilimia 16.5, na shati la nyuzi za plastiki asilimia 32. Upendeleo ulipoondoka, faida ya kushonea Hawassa iliondoka nao. Kampuni ya PVH, iliyokuwa mwekezaji mkubwa pale, ilitangaza kufunga kiwanda chake mara tu uamuzi ulipojulikana. Mapatano ya kusitisha vita yalitiwa saini Pretoria Novemba 2022, lakini hadi muda wa sheria ulipofika Septemba 2025 Ethiopia ilikuwa haijarudishwa.

Kinachoumia na kisichoumia

Mifano hii inaonyesha kanuni ambayo haimo katika maandishi ya sheria yoyote: adhabu huwa nzito kadiri nchi inavyouza bidhaa iliyosindikwa, na huwa nyepesi kadiri inavyouza mali ghafi. Nchi tajiri hazitozi ushuru mali ghafi zinazozihitaji kwa viwanda vyake. Ushuru huwekwa kwenye bidhaa iliyokamilika, ili kuvilinda viwanda hivyohivyo.

Nyanda za Juu Kusini zina mazao ya kulithibitisha hilo. Kahawa mbichi ya Mbozi na kakao kavu ya Kyela huingia Ulaya bila ushuru hata kama nchi haina upendeleo. Serikali ya Tanzania ikinyimwa nafasi yake kesho, mkulima anayeuza kahawa kupitia chama cha ushirika (AMCOS) hataona tofauti katika ushuru. Lakini kahawa hiyo ikikaangwa kabla ya kusafirishwa, bila upendeleo hutozwa asilimia 7.5. Kakao ya Kyela ikisagwa kuwa uji mzito wa kutengenezea chokoleti hutozwa asilimia 9.6. Parachichi lingerudi kwenye asilimia 4 hadi 5.1, kiwango kidogo kwa mtazamo wa kwanza, lakini cha kutosha kumfanya mnunuzi ageukie Kenya, ambayo tangu Julai 2024 ina mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya na haitegemei ngazi hizi.

Kwa hiyo kiwanda cha kukaanga kahawa au kusindika kakao kikijengwa Iyunga kwa ajili ya soko la Ulaya, hesabu zake zingebeba jambo ambalo hesabu za muuza kahawa mbichi hazilibebi, yaani mwenendo wa serikali kuhusu haki. Hali ni hiyohiyo kwa viwanda vya nguo vya Dar es Salaam, Morogoro na Arusha ambavyo vimeuza Marekani kupitia AGOA. Sera ya kuongeza thamani ya mazao, inayohubiriwa katika kila mpango wa maendeleo, huzidisha pia uzito wa sharti la haki za binadamu.

Je, linafanya kazi?

Matokeo yametofautiana. Eswatini, ambayo wakati huo iliitwa Swaziland, iliondolewa AGOA Januari 2015 kwa sababu ya sheria zilizobana vyama vya wafanyakazi na mikutano. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo walipoteza ajira, lakini madai yalikuwa machache na yaliyo wazi. Serikali ilirekebisha sheria zilizotajwa, na mwaka 2018 nchi ikarudishwa. Sri Lanka ilinyimwa GSP+ mwaka 2010 kutokana na ukiukaji uliofanyika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilirudishiwa mwaka 2017, baada ya serikali mpya kuingia madarakani kwa kura na kuanza mageuzi.

Upande wa pili ni Kambodia, ambayo uchaguzi wake wa mwaka 2023 ulifanyika bila chama chochote kikubwa cha upinzani. Madagaska iliondolewa AGOA Januari 2010 kwa sababu ya mapinduzi ya mwaka uliotangulia. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo walipoteza kazi, ilhali utawala uliotokana na mapinduzi ulidumu hadi uchaguzi wa mwishoni mwa 2013. Kwa jumla, mtawala hukubali kwa urahisi zaidi kubadilisha kifungu cha sheria ya kazi kuliko kukubali jambo linaloweza kumwondoa madarakani.

Wanaoutetea utaratibu huu hujibu kwamba tishio hufanya kazi zaidi kuliko adhabu yenyewe, na kwamba mnunuzi ana haki ya kutotaka fedha yake imlishe mtesaji. Wanaoupinga hutaja mambo mawili. Kwanza, anayepoteza kazi ni mshonaji, si waziri. Pili, mizani haiko sawa kwa wote, kwani nchi yenye mafuta au yenye umuhimu wa kijeshi huvumiliwa zaidi. Shirika la Biashara Duniani liligusa hoja hii ya pili mwaka 2004 katika shauri lililofunguliwa na India dhidi ya Ulaya. Liliamua kwamba mwenye soko anaweza kuzitofautisha nchi maskini, mradi vigezo viwe wazi na nchi zote zenye hali moja zitendewe sawa.

Masharti ya AGOA pia huchanganya haki na maslahi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kusitisha uingizaji wa mitumba hatua kwa hatua ili kuvilea viwanda vya nguo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao kwamba huko ni kuzuia bidhaa za Marekani. Tanzania na Uganda zililegeza msimamo, ndiyo maana mitumba bado imejaa katika soko la Mwanjelwa, Mbeya. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika upendeleo. Hapakuwa na mtu aliyeteswa wala kufungwa katika shauri hilo, lakini sheria iliyotumika ilikuwa ileile.

Nafasi ya Tanzania

Tanzania haijawahi kuondolewa katika upendeleo wa Ulaya wala wa Marekani kwa sababu ya haki za binadamu. Shinikizo lililowahi kuifikia limepitia zaidi katika misaada. Novemba 2018 Denmark ilizuia sehemu ya misaada yake, na Benki ya Dunia ikasitisha mkopo wa elimu wa dola milioni 300, suala la wanafunzi wajawazito kufukuzwa shule likiwa miongoni mwa yaliyotajwa. Msaada husimamishwa kwa barua, ilhali ushuru wa Ulaya hubadilishwa kwa utaratibu wa kisheria wa zaidi ya mwaka. Hata Burundi, ambayo Umoja wa Ulaya uliisimamishia msaada wa moja kwa moja kwa serikali kuanzia Machi 2016 hadi Februari 2022, iliendelea muda wote huo kuuza bidhaa zake Ulaya bila ushuru.

Mwaka 2025 suala hili lilirudi mezani. Mwezi Mei Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu kukamatwa kwa kiongozi wa upinzani Tundu Lissu. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 29 Oktoba, mwezi Desemba Marekani ilitangaza kuupitia upya uhusiano wake na Tanzania. Azimio la Bunge la Ulaya haliiondolei nchi upendeleo, kwa kuwa mamlaka ya kuanzisha shauri ni ya Kamisheni.

Badiliko kubwa zaidi huenda likatokana na maendeleo yenyewe. Nchi inapotoka katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya zenye maendeleo duni zaidi, hubaki katika mpango wa Kila Kitu Isipokuwa Silaha kwa miaka mitatu ya mpito, kisha hutoka. Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya mwaka 2016, ikihofia hatima ya viwanda vyake na mapato ya forodha. Bila mkataba huo, njia itakayobaki ya kuuza bidhaa nyingi bila ushuru ni GSP+, ambayo huombwa na hudai kuridhiwa kwa mikataba yote 27, ukiwemo ule wa kupinga utesaji ambao Tanzania haijauridhia. Leo haki za binadamu ni sababu inayoweza kuifanya Tanzania inyimwe soko ambalo tayari inalo. Wakati huo zitakuwa sharti la kuingia katika soko hilo.